Somo la 9: Insha ya Hoja — Kakao ya Kyela na Chokoleti ya Biashara ya Haki

Swali la mfano

"Mlaji anayechagua chokoleti yenye nembo ya biashara ya haki anamtendea haki mkulima wa kakao." Jadili kauli hii kwa insha isiyopungua maneno 250 na isiyozidi 300.

Mtahiniwa, soma kauli hiyo mara mbili kabla ya kushika kalamu. Neno *jadili* linakutaka upime pande mbili kisha utoe msimamo. Watahiniwa wengi huona maneno "biashara ya haki" wakadhani wameombwa kusifu. Wengine huona "chokoleti" wakaandika utamu wake na magonjwa ya meno, na insha inaisha kabla mkulima hajatajwa. Kauli ina watu wawili: mlaji anayechagua na mkulima anayeuza. Kati yao kuna nembo. Kazi yako ni kueleza kinachopita kati ya watu hao wawili, kiasi gani, na nani anabaki nje.

Insha ya hoja bila taarifa ni porojo. Kwa hiyo sehemu kubwa ya somo hili ni taarifa. Ukizielewa, maneno 300 yatakuwa machache kwako.

Kakao inatoka wapi

Ukishuka kutoka Tukuyu kwenda mpakani Kasumulu, hewa hubadilika. Baridi ya Rungwe huachwa nyuma, na chini ya migomba na miembe huonekana miti ya kimo cha kati yenye matunda yaliyoota kwenye shina lenyewe, kama kwamba mtu ameyagandisha kwa gundi. Hiyo ndiyo mikakao. Wenyeji wengi husema *kokoa*. Katika mtihani maneno yote mawili yanaeleweka, lakini chagua moja ulitumie hadi mwisho wa insha.

Zao hili linapenda joto, kivuli kidogo na mvua ya kutosha isiyopungua milimita 1,500 kwa mwaka. Kyela iko bondeni, ukingoni mwa Ziwa Nyasa, takribani mita 500 kutoka usawa wa bahari, na mvua yake ni nyingi kuliko kiwango hicho. Ndiyo maana sehemu kubwa ya kakao ya Tanzania hutoka wilaya hii na majirani zake wa Rungwe na Busokelo. Nyingine hutoka bonde la Kilombero, mkoani Morogoro.

Hata hivyo, Tanzania ni mzalishaji mdogo. Zaidi ya nusu ya kakao ya dunia hutoka Ivory Coast na Ghana. Bei ya dunia huonekana katika masoko ya London na New York, na ugonjwa wa mikakao au mvua mbaya Afrika Magharibi hutikisa bei hadi Ipinda na Matema. Mkulima wa Kyela anaweza kupata bei nzuri mwaka ambao hakufanya jambo lolote jipya shambani, na bei mbaya mwaka aliojituma kuliko yote. Shika hoja hii. Utaihitaji tutakapofika kwenye bei ya chini.

Tunda likiiva hukatwa na kupasuliwa, na ndani yake hutoka mbegu thelathini, arobaini au zaidi, zimefunikwa na nyama nyeupe yenye utamu wa uchachu. Mbegu hizo huvundikwa kwa siku tano hadi saba ndani ya masanduku ya mbao au chini ya majani ya migomba, zikigeuzwa mara kwa mara. Wakati wa kuvundika, joto hupanda na ile nyama huyeyuka. Hapo ndipo ladha ya chokoleti inapoanza kujengeka. Mbegu isiyovundikwa vizuri hubaki kali na chungu, na hakuna kiwanda cha Ulaya kitakachoirekebisha. Baada ya hapo huanikwa juani juu ya vichanja kwa muda wa wiki moja hivi hadi unyevu ushuke kufikia kama asilimia 7.

Zingatia jambo moja katika mchakato huu. Tangu kupasua tunda hadi kuuza mbegu kavu, mkulima anahitaji karibu wiki mbili. Wiki mbili si muda mrefu kwa mwenye akiba. Kwa asiye na akiba ni mrefu mno.

Njemke, kangomba na butura

Mzazi anaambiwa leo kwamba mtoto anahitaji sare na mchango wa chakula cha shule kabla ya Jumatatu. Kakao ipo shambani, imeiva. Mnunuzi anapita na mizani na fedha taslimu, anataka mbegu mbichi, leo hii. Biashara hii ya kakao mbichi Kyela inaitwa *njemke*, na viongozi wa wilaya wameipiga marufuku mara kadhaa bila kuimaliza.

Tufanye hesabu kwa namba za mfano tu. Kilo tatu za mbegu mbichi hutoa takribani kilo moja ya mbegu kavu. Tuseme kakao kavu inauzwa shilingi 6,000 kwa kilo, na mnunuzi wa njemke anatoa shilingi 1,000 kwa kilo ya mbichi. Mzazi akiuza kilo 30 za mbichi anapata shilingi 30,000. Angezivundika na kuzianika angepata kilo 10 kavu, yaani shilingi 60,000. Nusu ya fedha imekwenda kwa sababu ya kukosa wiki mbili. Mara nyingine hali ni mbaya zaidi: mnunuzi amekwisha kumkopesha mkulima tangu matunda yalipokuwa machanga, na bei ilipangwa siku ile ya kukopa.

Jambo hili si la Kyela peke yake, na hapa kuna msamiati wa kukupa alama. Wakulima wa korosho wa Mtwara na Lindi wanajua *kangomba*, ununuzi wa rejareja nje ya mfumo rasmi, mara nyingi kwa vipimo visivyo halali na bei ya chini. Kagera kuna *butura*, yaani kuuza kahawa ikiwa bado mtini. Njemke, kangomba na butura hazifanani kwa kila kitu, lakini zote hulishwa na shida moja: mkulima anahitaji fedha kabla zao halijawa tayari kwa soko. Mtahiniwa anayeyaweka maneno haya matatu katika aya moja, akaeleza yanapofanana na yanapotofautiana, anaonyesha kwamba anaijua lugha na anaijua nchi.

Usikimbilie kuandika kwamba kununua kakao mbichi ni wizi siku zote. Huko Kilombero, kampuni ya Kokoa Kamili, iliyoanza mwaka 2013, hununua mbegu mbichi kutoka kwa wakulima wadogo kisha huvundika na kuanika yenyewe mahali pamoja, ili ubora ulingane. Mkulima huachiwa mzigo mmoja pungufu. Tofauti iko kwenye bei anayolipwa na uhuru wake wa kukataa. Haki haipimwi kwa kuangalia kama mbegu ni mbichi au kavu.

Njia rasmi ya Kyela inapitia vyama vya msingi vya ushirika, AMCOS, na chama kikuu cha KYECU. Mkulima hupeleka kakao kavu ghalani, hupewa stakabadhi, na mzigo huuzwa kwa mnada mbele ya wanunuzi kadhaa. Mfumo huu wa stakabadhi ghalani una faida ya ushindani wa bei na mizani inayokaguliwa. Lawama yake inayosikika zaidi ni kuchelewa kwa malipo. Na malipo yakichelewa, njemke hupata wateja.

Nembo inaahidi nini hasa

Biashara ya haki kama nembo ya kibiashara ilianza Uholanzi mwaka 1988 kwa kahawa iliyotoka Mexico. Chokoleti ya kwanza kupewa nembo hiyo Uingereza ilikuwa Maya Gold ya kampuni ya Green & Black's, mwaka 1994, kwa kakao ya Belize. Mwaka 1998 ikaanzishwa kampuni ya Divine, ambayo wakulima wa ushirika wa Kuapa Kokoo wa Ghana walikuwa wanahisa wake, jambo la nadra sana katika biashara hii. Nchini kwetu, vyama vya kahawa vya KCU Kagera na KNCU Kilimanjaro vimeuza sehemu ya kahawa yao kupitia mfumo huu kwa miaka mingi.

Nembo ya Fairtrade ina ahadi mbili za fedha. Ya kwanza ni bei ya chini: soko la dunia likianguka, mnunuzi haruhusiwi kulipa chini ya kiwango fulani. Ya pili ni nyongeza inayolipwa juu ya bei, ambayo haiendi mfukoni mwa mkulima mmoja mmoja moja kwa moja; inaingia katika chama, na wanachama hupiga kura kuamua itumike vipi, iwe ni darasa, kisima, ghala au mgawo wa fedha. Viwango vilivyoanza Oktoba 2019 vilikuwa dola 2,400 za Marekani kwa tani ya kakao ya kawaida na nyongeza ya dola 240 kwa tani. Viwango hivi hupitiwa upya mara kwa mara, hivyo katika insha taja mwaka pamoja na namba.

Sasa hesabu ambayo wengi hawaifanyi. Chukua chokoleti moja nyeusi ya gramu 100 iliyoandikwa asilimia 70. Ina gramu 70 za kakao. Kwa kuwa mbegu hupoteza maganda na unyevu kiwandani, gramu 70 hizo zinahitaji mbegu kavu gramu 87 na nusu hivi. Kwa hiyo kilo moja ya kakao ya mkulima hutoa chokoleti 11 za namna hiyo. Nyongeza ya dola 240 kwa tani ni senti 24 za dola kwa kilo. Zigawe kwa chokoleti 11: ni senti 2 kwa kila chokoleti. Kwa chokoleti ya maziwa yenye kakao asilimia 30, nyongeza haifiki hata senti moja.

Namba hiyo inafundisha pande zote mbili. Anayesema biashara ya haki ni ghali mno kwa mlaji hasemi kweli, maana kinachomfikia mkulima kama nyongeza ni senti mbili tu. Tofauti kubwa ya bei dukani, ikiwepo, imekwenda kwingine. Na anayesema nembo imemtajirisha mkulima naye ajibu: kwa senti mbili? Lakini senti hizo zikikusanywa zina uzito. Chukua mfano wa chama chenye wakulima 200, kila mmoja akiuza kilo 300. Ni tani 60, na nyongeza yake ni dola 14,400 kwa mwaka. Kijijini hizo zinajenga kitu kinachoonekana.

Kuna mipaka mitatu ambayo mtahiniwa makini ataitaja. Bei ya chini huhesabiwa kakao ikiwa tayari bandarini kwa kusafirishwa nje, na kutoka Kasumulu hadi bandari ya Dar es Salaam ni zaidi ya kilomita 900 za lori, ukiongeza ghala, magunia na ushuru. Mkulima hapokei dola 2,400 zote. Pili, bei ya chini ina kazi pale tu soko linaposhuka. Machi 2024 bei ya dunia ilivuka dola 10,000 kwa tani baada ya mavuno mabaya Afrika Magharibi, na Desemba mwaka huo ikavuka 12,000; wakati huo bei ya chini ilikuwa kama mwavuli siku ya jua. Ilibaki nyongeza peke yake. Lakini mwavuli hautupwi kwa sababu leo kuna jua, na bei ya kakao haijawahi kukaa juu milele.

Mpaka wa tatu ndio mzito kuliko yote. Nembo ya Fairtrade kwa kakao hutolewa kwa vyama vya wakulima wadogo. Mkulima asiye mwanachama, au mwanachama aliyeuza njemke wiki iliyopita, hafikiwi na senti hata moja, hata mlaji wa Berlin achague vipi. Uchaguzi wa mlaji unamfikia mkulima kupitia chama chake tu. Chama kikiwa kibovu, haki inakwama ghalani.

Watoto na historia chungu

Haki haiishii kwenye bei. Mwaka 1909 kampuni tatu za Uingereza, Cadbury, Fry na Rowntree, ziliacha kununua kakao ya visiwa vya São Tomé na Príncipe. Sababu ilikuwa kwamba kakao hiyo ililimwa na watu waliochukuliwa kutoka Angola wakafanyishwa kazi kama watumwa, ingawa makaratasi yaliwaita vibarua wa mkataba. Taarifa zilikuwa zimewafikia miaka kadhaa kabla. Mfano huu ni mzuri kwa insha kwa sababu unaonyesha mnunuzi ana nguvu, na pia kwamba huchelewa kuitumia.

Septemba 2001 kampuni kubwa za chokoleti zilitia saini makubaliano yanayoitwa Harkin-Engel, zikiahidi kuondoa aina mbaya zaidi za utumikishwaji wa watoto katika kakao ya Afrika Magharibi ifikapo 2005. Lengo halikufikiwa. Utafiti wa taasisi ya NORC ya Chuo Kikuu cha Chicago uliotolewa mwaka 2020 ulikadiria watoto milioni 1.56 katika maeneo yanayolima kakao Ivory Coast na Ghana walikuwa katika ajira ya watoto.

Tahadhari: namba hiyo ni ya Ivory Coast na Ghana. Usiihamishie Kyela. Kuhusu Tanzania, andika unachoweza kukithibitisha: Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inaweka umri wa chini wa kufanya kazi kuwa miaka 14, na inakataza kazi za hatari kwa aliye chini ya miaka 18. Mtoto wa Kyela anayemsaidia bibi yake kuanika kakao Jumamosi hajavunja sheria, wala bibi hajavunja. Anayekosa shule msimu mzima ili apasue matunda kwa panga au kubeba magunia yuko katika hali nyingine kabisa. Tofauti hiyo ieleze kwa sentensi mbili.

Nembo si moja, na kuna njia isiyo na nembo

Paketi za chokoleti zina alama nyingi. Chura wa kijani ni wa Rainforest Alliance, shirika linalotazama zaidi mazingira na hali ya kazi. Halina bei ya chini kama ya Fairtrade. Neno linalomaanisha *kilimo hai* huonyesha kwamba mbegu zililimwa bila mbolea na dawa za viwandani, na kakao ya Kyela ina historia ndefu ya kuuzwa hivyo kupitia kampuni ya Biolands, ambayo baadaye iliingia mikononi mwa Barry Callebaut ya Uswisi. Lakini kilimo hai chenyewe hakisemi mkulima alilipwa nini. Kuna pia maneno ya kampuni yenyewe, kama "tunawajali wakulima", yasiyokaguliwa na yeyote. Hayo ni tangazo.

Jambo jingine ambalo paketi haisemi kwa sauti: katika kakao, Fairtrade inaruhusu mbegu zenye nembo kuchanganywa kiwandani na zisizo na nembo, mradi kiasi kilichonunuliwa kwa masharti kilingane na kiasi kilichouzwa kwa nembo. Fedha imemfikia mkulima wa chama, lakini chokoleti iliyo mkononi mwako inaweza kuwa na mbegu za mwingine. Wengine huuona huo kuwa udanganyifu. Kwa maoni ya mwandishi wa somo hili si udanganyifu, kwa kuwa malipo ndiyo yaliyoahidiwa; ila ingefaa uandikwe kwa herufi zinazosomeka.

Njia ya pili ni biashara ya moja kwa moja. Kijiji cha Mababu, hapa hapa Kyela, jina lake limeandikwa kwenye chokoleti inayotengenezwa Springfield, Missouri, Marekani. Mwenye kampuni, Shawn Askinosie, alikuwa wakili wa kesi za jinai kabla ya kuingia katika kazi hii. Kampuni yake hununua kwa kikundi cha wakulima bila dalali, hutangaza bei inayolipa, huwafungulia wakulima hesabu zake na kuwapa sehemu ya faida. Hii ni haki inayoonekana kwa macho, ila ina udhaifu: kiasi kinachonunuliwa ni kidogo ukilinganisha na kakao yote ya wilaya, na kijiji cha pili barabarani hakimo. Pia inategemea moyo wa mnunuzi mmoja. Hakuna mkaguzi wa nje wa lazima siku moyo huo ukibadilika.

Na mlaji je? Mtu anaweza kuipenda chokoleti kwa dhati, na mapenzi hayo yakamsaidia mkulima, kwa sababu anayejua ladha huuliza mbegu ilivundikwa wapi na nani. Chokoleti yenye kakao nyingi humfikishia mkulima fedha zaidi kuliko yenye sukari nyingi. Rudi kwenye hesabu ya gramu uone. Mlaji akisoma paketi, atafute mambo haya: nchi au kijiji mbegu zilikotoka, asilimia ya kakao, nembo inayokaguliwa na shirika la nje, na kama kampuni imewahi kutangaza bei inayolipa. Paketi inayosema tu kwamba imetengenezwa Ubelgiji haijasema lolote kuhusu mkulima. Ubelgiji hakuna mikakao.

Kuandika jibu

Linganisha aya hizi mbili. Ya kwanza ni ya kawaida katika karatasi za majaribio:

*Biashara ya haki ni nzuri sana kwa sababu inasaidia wakulima. Wakulima wanapata pesa nyingi na wanajenga nyumba bora. Pia inazuia watoto kufanya kazi. Kwa hiyo watu wote wanapaswa kununua chokoleti yenye nembo.*

Hakuna kosa la sarufi hapo. Tatizo ni kwamba sentensi zile zile zingefaa kwa pamba, chai au samaki. Msahihishaji hawezi kuona kama mwandishi anajua kakao ni nini. "Pesa nyingi" ni kiasi gani? "Inazuia" kwa njia ipi? Tazama ya pili:

*Nembo ya Fairtrade humpa mkulima kinga pale soko linapoanguka. Kwa viwango vya Oktoba 2019, kakao haikuruhusiwa kununuliwa chini ya dola 2,400 kwa tani, na chama kiliongezewa dola 240. Hata hivyo, kinga hii humfikia mwanachama wa ushirika aliyevundika na kukausha mbegu zake. Mkulima wa Kyela anayeuza njemke ili kupata fedha ya sare yuko nje ya kinga hiyo, hata kama chokoleti iliyotengenezwa Ulaya ina nembo.*

Ina maneno yanayozidi sitini kidogo, hoja moja na pingamizi lake. Neno *hata hivyo* ndilo linalogeuza aya. Jifunze viunganishi vya namna hiyo: *ingawa, licha ya, kwa upande mwingine, ilhali*. Usitumie vyote katika aya moja.

Kwa insha ya maneno 300, aya tano au sita zinatosha: utangulizi unaofafanua *biashara ya haki*, aya mbili za kukubali, moja au mbili za kupinga, na hitimisho lenye msimamo. Msimamo wako unaweza kuwa wowote. Unaweza kuandika kwamba kauli ni kweli kwa kiasi, kwamba ni kweli pale tu chama cha ushirika kinapofanya kazi, au kwamba si kweli kwa sababu wakulima wengi wako nje ya nembo. Msahihishaji hakupi alama kwa kukubaliana naye. Anatazama kama hitimisho limetokana na ulichosema, au limeshuka ghafla kutoka hewani.

Makosa ya tahajia yanayojirudia katika mada hii: andika *chokoleti* wala si *choklet*, *nyongeza* wala si *nyogeza*, *stakabadhi* wala si *stakabazi*. Jina *Fairtrade* likiwa la nembo hubaki kama lilivyo. Dhana yenyewe iite *biashara ya haki*.

Zoezi

1. Eleza maana ya maneno haya kama yalivyotumika katika somo: (a) kuvundika (b) njemke (c) nyongeza (d) mnada.

2. Chama cha ushirika kina wanachama 150. Kila mwanachama aliuza kilo 400 za kakao kavu kwa masharti ya Fairtrade ya mwaka 2019. (a) Nyongeza ya chama ni dola ngapi? (b) Wanachama 90 wanataka fedha hizo zijenge ghala lenye vichanja vya kuanikia, na 60 wanataka zigawanywe kwa kila mtu. Andika kumbukumbu za mkutano huo. Onyesha hoja za pande zote mbili kabla ya kura.

3. "Kununua kakao mbichi kupigwe marufuku kabisa." Andika hoja mbili za kuunga mkono na mbili za kupinga, ukitumia mfano wa Kyela na wa Kilombero.

4. Fupisha sehemu yenye kichwa *Nembo inaahidi nini hasa* kwa maneno yasiyozidi 100. Usiache mipaka mitatu iliyotajwa.

5. Wewe ni katibu wa kikundi cha wakulima wa kakao karibu na Kasumulu. Kampuni ya chokoleti ya nje imeandika kwamba inataka kununua tani mbili moja kwa moja kutoka kwenu. Andika barua rasmi ya kuijibu. Uliza mambo manne ambayo kikundi kinahitaji kuyajua kabla ya kukubali.

*Dokezo la swali la 5:* tarehe ya malipo iwe mojawapo ya mambo hayo manne.